Nyasi za Mwezi wa Tatu



Mvua imerudi. Tangu mwezi wa kumi na mbili vilima vyetu vya Ituri vilikuwa vimekauka, vingine vimechomwa moto, na ng'ombe walikuwa wanatafuna mabua na kulamba vumbi. Sasa mvua chache tu zimenyesha na kila upande ni kijani. Ukisimama juu ya barabara ya kwenda Bogoro ukatazama chini, utaona majani yamechipua hata pale palipokuwa majivu matupu wiki mbili zilizopita. Mchungaji anafurahi, mwenye ng'ombe anafurahi, na mama anayeuza mashanza, maziwa yetu ya mgando, sokoni anajua kwamba vibuyu vitajaa tena.

Na mimi nafurahi. Lakini nimekuja kwenye redio asubuhi hii kusema jambo ambalo wafugaji wengi hawapendi kulisikia wakati huu wa furaha. Mwezi wa tatu na wa nne ni miezi ambayo ng'ombe wetu wanakufa wakiwa wameshiba. Kiangazi kinamkondesha mnyama polepole, na mwenyewe anaona mbavu zikitokea siku baada ya siku. Majani machanga hayakupi nafasi hiyo. Ng'ombe anatoka zizini asubuhi mzima, saa nane mchana analala chini ubavu umevimba, na jioni watu wanagawana nyama kwa bei ya hasara.

Sina haja ya kuwaeleza watu wa Ituri ng'ombe ni nini. Ni karo ya shule, ni mahari, ni dawa ya mgonjwa, ni akiba ya mtu ambaye hana kitabu cha benki. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipotoa uamuzi wa fidia kwa watu wa Bogoro mwezi wa tatu mwaka 2017, kwa shambulio la mwezi wa pili 2003, mifugo iliyoporwa ilihesabiwa pamoja na nyumba na vitu vya ndani kama hasara ya kweli ya familia. Watu wamepoteza ng'ombe kwa vita, wamewapoteza kwa wizi, wamewapoteza njiani wakikimbia. Baada ya yote hayo, kumpoteza mmoja kwa sababu ya majani mazuri ni uchungu ambao tunaweza kuuepuka. Ndiyo maana nataka tuzungumze polepole.

Tuanze ndani ya tumbo, maana huko ndiko mambo yanakoharibikia.

Ng'ombe hasagi chakula chake kama sisi. Ana tumbo lenye vyumba vinne, na kile cha kwanza, kile kikubwa kinachojaza ubavu wa kushoto, kwa ng'ombe mkubwa chaweza kubeba lita 100 na zaidi. Mle ndani kuna vijidudu vingi mno visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo vinavyovunja majani. Ng'ombe anavilisha, navyo vinamlisha. Sasa vijidudu hivi ni vya aina nyingi, na kila aina ina chakula chake. Wakati wa kiangazi, mnyama anapokula nyasi kavu na mabua ya mahindi, wanaojaa tumboni ni wale wanaoweza kuvunja vitu vigumu. Wale wa majani laini wanabaki wachache. Ukimtoa ng'ombe huyo kwenye mabua leo na kumwacha kesho kwenye kijani tangu asubuhi hadi jioni, umelipelekea tumbo lake kazi ambayo halina watu wa kuifanya. Mabadiliko hayo ya vijidudu yanahitaji wiki mbili hadi tatu. Hayaharakishwi kwa dawa wala kwa maombi.

Jambo la pili ni maji. Katika kilo 10 za majani machanga, kilo 8 zaweza kuwa maji matupu. Ng'ombe anakula, tumbo linajaa, anaonekana ameshiba, kumbe chakula chenyewe ni kidogo. Na kwa kuwa majani hayo hayana nyuzi ngumu, anacheua kidogo. Akicheua kidogo, mate yanayoshuka tumboni ni machache, na mate ndiyo yanayotuliza ukali wa tumbo. Hapo unaanza kuona alama nyuma ya mnyama: mavi yanakuwa maji ya kijani, yanaruka, yanapaka mkia na mapaja. Wafugaji wengine wanasema, aa, huo ni usafi, mvua inamsafisha tumbo baada ya kiangazi. Hapana. Ng'ombe anayeharisha wiki nzima anapoteza maji, anapoteza chumvi, na chakula kinapita bila kumwachia kitu. Mavi mazuri yanaanguka chini yakatulia, yakafanya duara lenye shimo dogo katikati. Ukiingia zizini asubuhi, kabla ya kuangalia kitu kingine chochote, angalia chini. Mavi yatakuambia jana mnyama alikula nini na tumbo lilipokea vipi.

Jambo la tatu ndilo linaloua haraka, nalo ni gesi. Tumbo la ng'ombe linatengeneza gesi mchana na usiku, na mnyama anaitoa kwa kupiga mbweu. Lakini majani machanga sana, hasa yaliyochanganyika na mimea ya jamii ya maharage, yanaweza kufanya yale maji ya tumboni yatoe povu zito kama la sabuni. Gesi inanaswa ndani ya povu. Mbweu haitoki. Ubavu wa kushoto unapanda hadi unapita uti wa mgongo, mapafu yanabanwa, na mnyama anaweza kufa ndani ya saa moja au mbili.

Nilimwona mmoja hivyo, jike mwekundu mwenye nundu, ng'ombe wa mama mmoja mjane upande wa Irumu. Alikuwa amesimama miguu imetanuka, shingo mbele, ulimi nje, anahema kwa kinywa. Ukigonga ule ubavu kwa vidole unalia kama ngoma. Yule mama hakuwa na sindano wala veterineri karibu, lakini alikuwa na akili na alikuwa na mafuta ya karanga jikoni. Walimgeuza ng'ombe kichwa kielekee juu ya mteremko, miguu ya mbele iwe juu kuliko ya nyuma. Wakamfunga kijiti kinywani, kimekaa kwa upana kama hatamu, ili aendelee kutafuna na mate yashuke. Kisha mtoto wake mkubwa akamnywesha mafuta, kipimo cha nusu ya chupa kubwa ya bia, kidogo kidogo pembeni mwa kinywa. Mafuta yanavunja povu. Wakamtembeza. Mbweu ya kwanza ilipotoka, watu wote waliokuwa pale walishangilia, na harufu yake hakuna aliyeilalamikia.

Nieleze vizuri hapo, maana kuna watu wataharakisha. Ukimnywesha ng'ombe mafuta, usimvute ulimi na usimwinulie kichwa juu sana, mafuta yakiingia kwenye mapafu umemuua kwa njia nyingine. Mpe polepole, mwache ameze. Na habari ya kutoboa ubavu kwa kisu, ninaijua, wazee walifanya na wengine bado wanafanya. Veterineri ana chombo chake cha kazi hiyo na anajua mahali pa kutoboa, upande wa kushoto, kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Kisu kikichomwa ovyo kinamwaga uchafu wa tumbo ndani ya mwili, na mnyama aliyepona leo anakufa wiki ijayo. Hilo liwe la mwisho kabisa, pale ambapo usipolifanya anakufa mbele yako.

Sasa mtaniruhusu nitoke Ituri kidogo, maana kuna kitu nimejifunza kwa watu wa mbali ambacho kinatusaidia sisi.

Kule Uingereza, Ufaransa na Marekani, baridi inapokwisha, kwenye mwezi wa nne hivi, majani yanachipua kwa nguvu kama kwetu. Na huko kuna watu wanaofuga farasi bila kuwapigilia vyuma miguuni, farasi anatembea kwa kwato zake mwenyewe. Watu hao wanaogopa majani machanga kuliko wanavyoogopa njaa. Majani ya nchi za baridi yanahifadhi sukari ya aina yake, na farasi akila nyingi kwa ghafla, utumbo wake wa nyuma unachacha, sumu inaingia kwenye damu, na balaa linashukia kwenye kwato. Ndani ya kwato kuna nyama laini yenye mishipa mingi ya damu, ndiyo inayoshikilia mfupa wa mguu kwenye ukuta wa kwato. Ile nyama inawaka, inaachia, na mfupa unaweza kuzama chini. Farasi hawezi tena kusimama. Kwa hiyo wenye farasi wanamlisha nyasi kavu kwanza ndipo wanamfungulia, wanamwachia kipande kidogo cha malisho kwa saa chache, na mara nyingi wanachagua alfajiri, kwa sababu jua la mchana linajaza sukari kwenye jani na jioni ndiyo huwa imezidi. Wengine wanamvisha farasi kikapu kinywani ili ale kidogo kidogo.

Sisi Ituri hatuna farasi. Mbung'o na nagana yake, pamoja na ule ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi, vimewafanya farasi washindwe kukaa sehemu kubwa za nchi za joto huku kwetu. Ugonjwa huo ulipotoka Afrika ukaingia Mashariki ya Kati na Asia kati ya 1959 na 1961, uliua farasi, punda na nyumbu zaidi ya 300,000. Ng'ombe wetu wenyewe wameshika nyanda za juu, kwenye upepo na majani ya wazi, wakiwaachia mbung'o msitu wa Mambasa.

Na majani yetu si yale ya Ulaya. Nyasi za nchi za joto hazina ile sukari inayowaangusha farasi wao. Kwa hiyo usichukue ile habari ya alfajiri ukaileta Bunia, itakuumiza. Kwetu alfajiri ni umande, na umande ni njia ya minyoo. Vifaranga vya minyoo vinatoka kwenye mavi, vinapanda juu ya jani lililoloa, na vinasubiri kinywa cha ndama. Wazee wetu waliokuwa wanafungua zizi jua likiwa limepanda na majani yamekauka, hawakuwa wavivu. Walikuwa wanajua.

Lakini mambo mawili ya wale watu wa farasi tuyachukue jinsi yalivyo. La kwanza: kavu kabla ya mbichi. La pili: mguu unasema kabla ya mnyama kuanguka. Mwenye farasi asiyevishwa chuma anamtembeza mnyama wake juu ya kokoto, na akiona anakanyaga kwa kuogopa, anajua majani yamezidi hata kama macho ya farasi yanang'aa. Ng'ombe wetu wote wanatembea bila vyuma. Na barabara za kokoto nyekundu tunazo. Wakati kundi linavuka barabara jioni, usiangalie matiti peke yake. Angalia nani anatafuta ukingo wenye majani, nani anarudi nyuma, nani anainua mguu mmoja haraka.

Basi tufanyeje?

Asubuhi, kabla ya kufungua zizi, mpe ng'ombe kitu kikavu. Mabua ya mahindi ya mavuno ya mwisho wa mwaka bado yako mashambani kwa watu wengi, na wengine wanayachoma ili kusafisha shamba! Ndugu yangu mkulima, usiyachome. Muuzie mfugaji, au mpe naye akupe mbolea. Maganda ya maharage yaliyokauka, nyasi ndefu za kiangazi zilizobaki kwenye ukingo wa bonde, vyote vinafaa. Mnyama mwenye kitu kikavu tumboni hakimbilii kijani kwa pupa, na akila, kile kikavu kinamfanya acheue.

Siku za kwanza mwache kwenye majani mapya saa moja au mbili tu, kisha mrudishe kwenye malisho ya zamani yenye nyasi ngumu. Ongeza muda kidogo kidogo mpaka wiki ya pili iishe. Najua mchungaji atasema haiwezekani, ng'ombe hawasikii. Inawezekana kama unawapeleka kwenye kijani mchana wakiwa wamekwisha kula, wala si asubuhi wakiwa na njaa ya usiku kucha. Kazi yote iko kwenye njaa ya asubuhi.

Mtama mchanga uuogope. Mtama uliochipua upya baada ya kukatwa au baada ya jua kali, ukiwa bado chini ya goti, una sumu ile ile iliyo kwenye muhogo mchungu, na inaua ndani ya dakika chache. Mabingobingo hayana shida hiyo, lakini nayo usiyakate yakiwa kama vidole. Yaache yafike kifuani, yakate, yaache yanyauke kidogo juani, ndipo ulishe.

Na chumvi. Mvua inapoanza, ng'ombe anatafuta chumvi kuliko wakati mwingine, kwa sababu majani machanga yana chumvi kidogo sana na kuharisha kunamwondolea ile aliyo nayo. Mtamwona analamba ukuta wa nyumba, analamba mkojo, anatafuna mfupa au kitambaa. Hiyo si tabia mbaya, ni mwili unaomba. Watu wa ziwa hili wamejua thamani ya chumvi tangu zamani. Kule Kibiro, upande wa Uganda wa Ziwa Albert, wanawake wametoa chumvi kwenye udongo kwa karne nyingi. Weka chumvi kwenye kibao au kwenye jiwe lenye shimo, ndani ya zizi, juu yake paezekwe mvua isiiyeyushe. Kilo moja ya chumvi ya jikoni haitamfilisi mtu mwenye ng'ombe.

Sasa niseme juu ya moto, na hapa nitasema kwa nguvu kidogo.

Tunachoma vilima mwezi wa kwanza na wa pili ili tupate majani mapema. Kila mtu anafanya, na kila mtu anamsingizia mwingine. Jani la kwanza linalotoka baada ya moto halitoki kwa mvua, linatoka kwa akiba iliyo kwenye mzizi. Nyasi imekopa. Ukiruhusu ng'ombe wakate jani hilo likiwa na urefu wa kidole, mzizi unakopa tena, na ukikatwa mara ya tatu unakufa. Mwaka unaofuata pale panaota nyasi zile zenye ncha kali ambazo ng'ombe anazipita bila kuzigusa, na mvua kubwa zinabeba udongo mpaka mto Shari unakuwa na rangi ya tofali. Ungoje jani lifike kwenye kifundo cha mguu wako. Wiki mbili au tatu za kungoja zinakupa malisho ya miezi.

Nasikia jibu lenu, na ni jibu la haki: tungoje wapi? Tangu vita virudi Djugu mwisho wa 2017, makundi mengi yamesogea karibu na miji na karibu na kambi za askari. Malisho makubwa ya zamani hayaendeki, au yanaendeka kwa roho mkononi. Ng'ombe waliokuwa wanatawanyika juu ya vilima vizima sasa wanabanana pembeni mwa Bunia, wanalala kwenye zizi moja la familia kadhaa, wanapita kwenye bustani za mboga za watu, na hapo ugomvi unaanza. Amri ya hali ya dharura iliyoanza mwezi wa tano 2021 haijaturudishia malisho hayo. Siwezi kumlaumu mchungaji anayechunga pale ambapo risasi haifiki. Lakini nasema kwamba hata kipande kidogo cha malisho kinagawanyika. Wenye ng'ombe wa zizi moja wakae chini, wakubaliane: wiki hii upande huu, wiki ijayo ule, na bondeni tuache kabisa mpaka pakauke. Na yule mama mwenye bustani ya lengalenga aitwe kwenye kikao hicho tangu mwanzo, asisubiriwe aje akiwa amebeba jembe kwa hasira.

Haya, tushuke kwenye kwato.

Ukwato ni kitu kimoja na pembe, ni kitu kimoja na ukucha wako. Kiangazi unakuwa mgumu kama jiwe. Mvua zikija unaloa, unakuwa laini, na kokoto ambayo mwezi wa pili haikufanya kitu sasa inachoma. Kisha mnyama anasimama usiku mzima ndani ya zizi ambalo ni uji wa matope, mavi na mkojo. Ile ngozi nyembamba kati ya kwato mbili inalegea, inapasuka kidogo, na wadudu wanaokaa kwenye mavi wanaingia. Ndani ya siku moja mguu umevimba juu ya kwato, pande zote mbili sawa, mnyama anachechemea, na ukiinama karibu unapata harufu ambayo ukiinusa mara moja hutaisahau.

Inama. Hilo ndilo ninaloomba. Watu wengi wana ng'ombe miaka mingi na hawajawahi kumwinulia mguu. Mfunge kwenye mti, msemeshe, pitisha kamba juu ya kifundo, vuta mguu nyuma taratibu kama anavyofanya mwenyewe akitembea. Osha kwa maji na burashi. Tazama kati ya kwato: kuna jiwe? kuna mwiba? kuna kidonda? Bonyeza kwa kidole gumba uone atashtukia wapi. Angalia ncha kama zimekua ndefu na kupinda. Mvua ikisha kulainisha ukwato ndiyo siku nzuri ya kuupunguza, kidogo, kwa kisu kikali, na uache mara unapoona rangi ya waridi, maana hapo damu iko karibu.

Kwa mguu uliooza, kuosha peke yake hakutoshi. Itahitajika sindano ya antibiotiki, na dawa hiyo iandikwe na veterineri, si yule kijana anayeuza vidonge vya watu na vya wanyama kwenye meza moja sokoni. Lakini kwa kuzuia, chimba mlangoni mwa zizi kijishimo chenye kina cha kiganja, kiwekee plastiki ngumu au saruji, jaza maji yenye mrututu, kilo 1 kwa lita 20 za maji, na wapitishe ng'ombe humo mara mbili kwa wiki. Maji hayo yakichafuka yamwage kwenye shimo mbali na kijito, kwa sababu mrututu unaua samaki, na usiwaache kondoo wayanywe, wao unawaua upesi kuliko ng'ombe.

Na zizi lenyewe lihamishwe. Zizi si kaburi la babu kwamba haligusiki. Kama huna nafasi ya kulihamisha, tandaza kokoto nyekundu kwenye sehemu ya juu, chimba mfereji maji yatoke, na uwape mahali pamoja pakavu pa kulala. Ng'ombe anayelala pakavu anacheua usiku kucha, na hapo tunarudi kwenye tumbo: asiyelala hacheui, asiyecheua havumilii majani machanga.

Mengine nayataja kwa haraka kwa sababu muda unakwisha. Kupe wakubwa wanaamka na mvua hizi hizi, hasa yule wa masikioni anayeleta ndigana kali. Hesabu kupe masikioni mwa ndama kila siku, na nyunyiza dawa kwa kipimo kilichoandikwa. Chambavu inachukua ndama wa miezi sita hadi miaka miwili, tena wale walionona, na chanjo yake inatakiwa kabla ya mvua kukolea. Na mnyama akifa ghafla akitoka damu puani na nyuma, damu isiyoganda, usimchune, usimpasue, usigawe nyama. Hicho chaweza kuwa kimeta. Mwezi wa nne 2025 kimeta kiliua viboko wapatao 50 katika mbuga ya Virunga, jirani zetu wa Kivu Kaskazini, na ugonjwa huo haubagui kiboko, ng'ombe wala mtu. Mfukie kwa kina, na uwaambie watu wa serikali.

Neno la mwisho ni kwa wenye ng'ombe mnaoishi mjini. Mko wengi mnaonisikiliza sasa, kwenye ofisi, kwenye duka, kwenye gari. Ng'ombe wako yuko na kijana unayemlipa kwa maziwa na pesa kidogo. Kijana huyo anajua kwamba ukipiga simu utauliza maziwa yamefika lita ngapi, kwa hiyo anawapeleka ng'ombe pale maziwa yanapopatikana haraka, kwenye kijani, asubuhi na mapema. Siku ng'ombe akivimba, lawama ni yake. Hiyo si haki. Wewe ndiye uliyeuliza maziwa. Jumapili hii panda pikipiki uende zizini. Mpelekee mabuti ya mvua, mpelekee chumvi, chupa ya mafuta ya karanga ya kuweka akiba na kilo ya mrututu, na namba ya simu ya veterineri iandikwe kwenye mlango. Kisha mwambie kwa kinywa chako mwenyewe kwamba kwa wiki tatu hizi maziwa yakipungua hutamkasirikia.